Kunuka, Kunukia na Kukohoa

Kikohozi changu kina miezi minne sasa, na kina tabia za ajabu. Ofisini kinanyamaza. Kwenye daladala, nimebanwa kati ya kwapa la mtu na gunia la viazi, moshi wa bodaboda ukiingia dirishani bila kulipa nauli, kinanyamaza vilevile. Nikifika nyumbani Tabata, nikavua viatu na kufungua mlango, kinanirukia shingoni kama mtoto aliyeahidiwa pipi.

Mama Zuhura ana maelezo yake. "Ni mavumbi ya huko barabarani, Baba Zuhura. Nyumba hii ni safi."

Na kweli ni safi. Mtaa mzima hakuna nyumba safi kama yetu. Sakafu inang'aa hadi wageni wanaitazama kwanza kabla ya kukanyaga. Tatizo ni kwamba katika mpango wote wa usafi, mtu wa kuvuta pumzi hakuwekwa kwenye bajeti.

Nikaenda kwa daktari. Kijana mdogo, umri wa mpwa wangu. Aliniamkia vizuri, nikaitikia marahaba, kisha akanibandika chuma cha baridi mgongoni na kuanza kunihoji kama mtu wa uhamiaji.

"Unavuta sigara, mzee?"

"Sijawahi. Babu alinikuta na kipisi nikiwa darasa la tano. Tangu siku ile hata chaki nikiiona nashtuka."

"Nyumbani mnapikia kuni? Mkaa?"

"Gesi, daktari. Nishati safi ya kupikia." Nililitamka hilo kwa sauti ya mgeni rasmi. Si kila mtu ana bahati ya kuwa mfano wa sera ya taifa. Serikali ina mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi nimeshafika huko kabla ya basi kuondoka. Sababu ya mkakati ninaijua pia: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba, hasa wa kupikia, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020 peke yake. Mimi na moshi tulishaachana. Mtungi wangu uko jikoni, wa bluu, umevalishwa kitambaa cha kufuma.

Daktari hakupiga makofi. Alisema, "Basi nenda kaniandikie kila kitu kinachotoa harufu nyumbani kwako. Kila kitu. Karatasi moja tu."

Nilirudi baada ya wiki na karatasi tatu, mbele na nyuma.

Tuanze sebuleni, maana mgeni naye huanzia hapo. Kwenye rafu ya televisheni kuna kopo la kupuliza lililoandikwa kwamba ndani yake mna "upepo wa bahari". Mimi bahari naijua. Nimekwenda Feri alfajiri kununua samaki, nimesimama kwenye maji ya magamba nikigombea dagaa. Kama kopo lile lingekuwa na upepo wa bahari ya kweli, paka wote wa Tabata wangekuwa mlangoni kwangu. Aliyetunga harufu hii hajawahi kufika Feri. Nadhani bahari aliiona kwenye kalenda.

Kopo la pili ni la ukutani, linatumia betri, na lenyewe halisubiri kupulizwa. Kila baada ya dakika kadhaa linajipuliza: *pssst!* Tunaangalia taarifa ya habari: *pssst!* Mjomba alipotutembelea mara ya kwanza akasema "Afya!" kwa heshima zote, akidhani kuna mtu amepiga chafya chumbani. Lilipojipuliza tena akasema "Afya!" Mara ya tatu akatuuliza kwa huruma kama mgonjwa tumeshampeleka hospitali.

Sasa sikilizeni nilichokigundua, maana kilinikosesha usingizi. Makopo haya hayaondoi harufu mbaya. Harufu mbaya iko palepale, imekaa, imekunja nne. Inaletewa tu mgeni wa kukaa juu yake. Kiswahili chetu kimelisema hili zamani. Kunuka na kunukia vinatofautiana kwa irabu moja tu, na hiyo irabu moja ndiyo inayouzwa dukani. Tunanunua "i". Chini ya "i" neno ni lilelile.

Tena hiyo "i" haiji peke yake. Vile vinavyoipa dawa ya kunukia harufu ya limau au ya msonobari, vikikutana na ozoni iliyomo hewani, vinageuka vitu vingine, na kimojawapo ni fomaldehaidi. Neno hilo likikushinda, jina la mjini ni fomalini: ile fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, dawa wanayotumia mochwari kumzuia marehemu asiharibike akisubiri ndugu kutoka mikoani. Na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka fomaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 2004. Kiasi chake sebuleni kwangu ni kidogo, sikatai. Lakini mimi bado naishi. Sikuomba nihifadhiwe.

Kando ya makopo kuna kabati jipya tulilochonga Keko. Zuri, halina ubishi. Lilifika likiwa na vanishi mbichi na harufu ya gundi, na Mama Zuhura akavuta pumzi kubwa, akasema kwa furaha, "Harufu ya upya!" Jamani, upya hauna harufu. Yule tuliyekuwa tunamnusa ni tina, na zile mbao za kubandika nazo zina gundi inayoweza kutoa fomaldehaidi ileile, polepole, kwa miezi mingi. Kabati limelipwa kwa awamu tatu, na harufu nayo inatoka kwa awamu.

Twende chumbani. Huku ndiko ninakolala kwa saa saba, kwa hiyo huku ndiko ninakouawa kwa utulivu.

Jioni inaanza na dawa ya mbu ya kupuliza. Utaratibu ni kwamba Mama Zuhura anapuliza pembe zote nne kama anayezindua nyumba, anafunga mlango, na sisi tunakaa sebuleni tukila. Baada ya nusu saa tunaingia. Hakuna anayefungua dirisha kwanza, maana "dawa itatoka." Ndiyo, mke wangu, maelekezo ya kwenye kopo yanasema itoke! Nimeyasoma kwa miwani. Yanasema fungua madirisha, chumba kipate hewa, ndipo muingie. Sisi tunaingia dawa ikiwa bado ya moto moto, tunajifunika shuka, na kuvuta kile kilichobaki baada ya mbu kukataa.

Maana mbu anakataa. Saa nane usiku nilimwona mmoja ukutani, ametulia, ananitazama. Nikakohoa. Yeye hakukohoa.

Kwa hiyo tukaongeza dawa ya kuchoma, ile ya kijani iliyojiviringisha kama konokono. Hii sikuwahi kuitilia shaka. Tumekua nayo. Harufu yake kwangu ndiyo harufu ya likizo kwa bibi. Basi mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya dawa za aina hiyo kutoka China na Malaysia. Walikuta kwamba kuchoma koili moja hutoa vumbi laini la moshi, lile linaloingia mapafuni hadi ndani kabisa, sawa na la sigara 75 hadi 137. Nikachukua kalamu. Pakiti ina sigara 20. Koili moja ni karibu pakiti nne, au ukikosa bahati karibu pakiti saba, kwa usiku mmoja, mlango umefungwa, mtoto amelala.

Babu yangu alinichapa fimbo nne kwa kipisi kimoja. Na aliyenichapa jioni ileile aliniwashia koili chini ya kitanda.

Najua mtaniambia malaria si mzaha. Si mzaha, nimeshawahi kutetemeka hadi kitanda kikahama. Ndiyo maana kuna chandarua chenye dawa, ambacho hakichomwi, hakitoi moshi, na kimekunjwa vizuri juu ya kabati letu kwa sababu "kinaharibu muonekano wa chumba."

Tukiwa hapohapo kabatini: fungua mlango wa nguo, halafu rudi nyuma hatua mbili. Hivyo vidonge vyeupe ni naftalini. Suti yangu ya harusi imelala navyo miaka kumi na moja. Nikienda kwenye sherehe, MC hahitaji kunitangaza. Mwezi uliopita nikaona vidonge vimepungua, vingine vimekuwa kama punje za mchele. Nikamuuliza Zuhura kama amevichezea. Hakuvichezea. Mende hawajavila. Naftalini haina haja ya kuyeyuka: inatoka kwenye ugumu wake moja kwa moja na kuwa hewa. Zile gramu zilizopotea kabatini hazikupotea. Zimehamia kwetu. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, kumbe walikuwa wameshafungua kabati langu.

Na hapa naomba nipunguze mzaha kidogo. Katika nchi zetu za malaria wako watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa mtoto wa namna hiyo naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, akageuka manjano, akaishiwa damu. Nasi ndio tunaomtoa mtoto mchanga blanketi kabatini, likiwa limekaa na vidonge mwaka mzima, tunamfunga, tunasema ananukia.

Kisha yupo mzee wa spika. Mnamfahamu. Anapita na baiskeli mchana wa jua kali, spika inaimba yenyewe: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, viroboto, papasi. Nilinunua kichupa chake. Hakina jina, hakina maelezo, kina kizibo cha chupa ya maji ya kunywa. Nikamuuliza kama ni salama.

"Haina madhara kwa binadamu kabisa, mzee wangu," akasema. "Ukishapulizia, mtoke wote nje kwa saa tatu."

"Kama haina madhara, tutoke twende wapi?"

Akawasha spika.

Sumu nyingi za wadudu zinafanya kazi kwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Habari mbaya ni kwamba hata sisi tunayo mishipa hiyo. Mende ana faida moja tu juu yangu: yeye akisikia dawa, anahamia kwa jirani. Mimi nina mkataba wa miezi sita.

Sasa chooni. Naomba wenye moyo mdogo waruke aya tatu.

Dada anayetusaidia kazi alikuwa amekwenda kwao Kondoa kwenye harusi ya mdogo wake. Nikajitolea kusafisha choo, na Mama Zuhura akaniangalia kama niliyejitolea kwenda mwezini. Chooni kuna chupa mbili. Moja ni jiki, kama tunavyoita kila dawa ya klorini ya kutakatisha nguo nyeupe. Nyingine ni ile asidi ya choo, inayochemka ikigusa sakafu. Nikafikiri kama mwanamume: dawa moja inasafisha, basi mbili zitasafisha maradufu. Nikamimina zote.

Zilizalisha gesi ya klorini. Rangi yake ni kijani cha ugonjwa, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini, pale hasa alipochuchumaa mtu na brashi. Gesi hiyohiyo ndiyo Wajerumani waliyoiachia iende na upepo kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, askari wakakimbia mahandaki. Wale walikuwa na adui na upepo. Mimi nilikuwa na choo cha mita moja na nusu na kitundu cha hewa ambacho fundi alikiziba ili nyuki wasiingie. (Na kama mnadhani mko salama kwa kuwa hamna asidi, jiki haipatani na amonia pia, na choo kisichomwagiwa maji kina amonia ya kwake.)

Nilitoka mbio na taulo, macho yanatiririka, nikaangukia kwenye ngazi mbele ya wapangaji wote. Jirani akanijia na kikombe cha maziwa, maana Dar es Salaam kila sumu inatibiwa kwa maziwa. Nikanywa kwa heshima. Mapafu hayanywi maziwa. Dawa yenyewe nilikuwa nimeshaikalia pale nje bila kujua: hewa.

Dada aliporudi kutoka Kondoa nilimsimulia, nikitarajia acheke. Hakucheka. Akasema, "Baba, ile ukichanganya inawasha. Mimi huwa nashikilia pumzi." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi ya kupepeta mchele. Nikamuuliza kama anakohoa. Akasema kidogo, usiku. Miezi minne mimi nimelalamika hadi jirani wa kushoto anajua ratiba ya kikohozi changu, na anayeishika chupa kila siku hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa muda wa miaka 20 hivi. Wanawake waliokuwa wakifanya usafi, wa kuajiriwa au wa nyumbani kwao, mapafu yao yalichakaa haraka kuliko ya wasiofanya. Kwa wale wa kuajiriwa, watafiti walilinganisha upungufu huo na kuvuta pakiti ya sigara kwa siku kwa miaka 10 hadi 20. Kwa wanaume madhara hayo hayakuonekana, na utafiti wenyewe ulikiri kwamba wanaume wenye kazi ya usafi walikuwa wachache. Hapo sikuhitaji ufafanuzi. Hata mmoja wao ningekuwa mimi, ningekuwa na siku moja ya kazi na kikombe cha maziwa. Tangu hapo chooni kwetu ni sabuni, maji na brashi, na asidi nimeipiga marufuku. Ni amri pekee niliyowahi kutoa ndani ya nyumba ile ikatekelezwa, na naamini ni kwa sababu dada ndiye aliyeitekeleza.

Nilisoma karatasi zote tatu mbele ya daktari. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Madirisha mnafungua saa ngapi?"

Nikacheka. Daktari huyu anakaa nyumba gani? Dirisha likifunguliwa mchana, vumbi linaingia. Jioni, mbu. Usiku, mwizi mwenye fimbo ndefu yenye ndoano, anavua simu kupitia nondo kama anavua changu. Na hata tukikubali kufungua, dirisha la kisasa la aluminiamu ni la kusukuma: vioo viwili, ukisukuma kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Nusu ya dirisha ulilolipia haitafunguka maisha yake yote. Na ile nusu inayofunguka inatazamana na ukuta wa jirani, hatua moja na nusu, pamoja na bomba lake la jiko.

Nyumba ya marehemu babu kule Pangani ilikuwa ya udongo na makuti. Kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi ambao popo aliupitia bila kuinama. Nyumba za mjini za zamani zilikuwa na matofali ya matundu juu ya kila dirisha. Joto na harufu vilipanda, vikatoka, hakuna aliyevishukuru. Sisi tukaja na dari la jipsamu na taa za rangi nne. Fundi akaziba matundu yote, na tukamlipa kwa kuyaziba.

"Lakini chumbani kuna kiyoyozi, daktari," nikajitetea. "Kinavuta hewa safi kutoka nje."

Akanitazama kwa huruma. Kumbe lile bomba linalotoka ukutani halileti hewa. Linapitisha gesi ya kupoozea na maji ya kudondokea kwa jirani. Hewa ni ileile ya chumbani, inazungushwa, inapoozwa, inarudishwa. Miaka mitatu nimekuwa nikinywa chai ileile, mtu ananiongezea barafu.

Akanipa na habari za wenzetu. Miaka ya 1980 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilipima hewa ya ndani na ya nje ya nyumba za watu. Likakuta kemikali kama kumi na mbili za kawaida ziko nyingi ndani mara 2 hadi 5 kuliko nje, iwe nyumba iko kijijini au imezungukwa na viwanda. Nikakumbuka daladala, kwapa na bodaboda. Kikohozi changu kilikuwa kinasema ukweli siku zote. Ni mimi niliyekiita mshenzi.

Nikaitisha kikao cha familia. Mama Zuhura akasikiliza kwa makini, akakubali hewa isafishwe, na kesho yake akarudi na vyungu sita vya maua. Alikuwa amesikia kwamba hata wataalamu wa NASA walisema mimea inasafisha hewa. Kweli, mwaka 1989 waliijaribu, ndani ya visanduku vilivyofungwa. Lakini mwaka 2019 watafiti wengine wakapitia majaribio ya namna hiyo na kupiga hesabu ya nyumba halisi: ili mimea ifikie kazi inayofanywa na upepo wa kawaida unaopita nyumbani, unahitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Sebule yetu ina mita 12. Kwa bei ya chini kabisa ni vyungu 120. Tutaangalia taarifa ya habari tukiwa kwenye matawi.

Ndipo nikapata wazo: Shangazi. Yuko Tanga, ana miaka sabini na sita, hajawahi kununua kopo la kupuliza. Akija yeye, nikawaza, mambo ya kale yatarudi, madirisha yatafunguliwa, nyumba itapumua. Nikamtumia nauli.

Alifika Ijumaa. Tukamwamkia, akaitikia, akavuta hewa mara mbili puani, akakunja uso. "Nyumba hii inanuka kama dukani," akasema. Nilitaka kumbusu mkono. Akafungua mkoba, akatoa kanga, akatoa mkate wa ajemi, na chini kabisa, kimefungwa kwenye gazeti, akatoa chetezo.

Kufika magharibi udi ulikuwa umeshika kila chumba, ubani umeongezwa kwa ajili ya husda, nguo zangu zinafukizwa moja moja. Harufu ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mtu wa pwani akiukana udi, amemkana mama yake. Lakini mkaa ni mkaa na moshi ni moshi, na pafu halina macho ya kusoma kwamba huu ni wa asili. Ungekwenda Muscat ukaishi kwenye nyumba ya viyoyozi, madirisha yamefungwa, udi unafuka kutwa, ungelikuta tatizo lilelile limevaa kanzu. Nikakohoa hadi Shangazi akanisomea dua, akaongeza kipande.

Saa mbili na robo usiku, umeme ukakatika.

Kiyoyozi kikafa kwanza. Kisha feni. Katika dakika kumi nyumba ikawa tanuri, Mama Zuhura akasema "Mimi siwezi," akafungua dirisha la sebule. Dada akafungua la jikoni. Shangazi akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, akaburuta kiti hadi katikati ya korido, akakaa na upepo. Chetezo kikatolewa uani maana kinaongeza joto. Hakuna aliyetaka kuchoma koili. Zuhura alishushiwa chandarua kutoka juu ya kabati. Tukakaa gizani, upepo ukipita kutoka uani hadi barabarani, ukibeba bahari ya kopo, naftalini, vanishi na udi, vyote kwa pamoja, bila kubagua cha kisasa na cha asili.

Gizani ikasikika: *pssst!*

"Afya!" akasema Shangazi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba karibu saa nzima sijakohoa.

Saa tano usiku mtaa mzima ukapiga kelele za furaha. Umeme umerudi. Madirisha yakafungwa, moja baada ya jingine, kiyoyozi kikaanza kunichanganyia ile chai yangu ya barafu, na kikohozi kikabisha hodi, kikaingia bila kusubiri karibu.

Jumatatu nilirudi kwa daktari. Akauliza kama kuna dawa yoyote iliyonisaidia. Nikamwambia iko moja: kukatika kwa umeme.

Aliinua kalamu, hakucheka hata kidogo.

"Mara ngapi kwa siku, mzee?"